Birmingham na Madiwani Wake

Mtu afunguaye mfereji asubuhi, akajaza ndoo yake na kwenda zake, ni nadra kukumbuka kwamba maji yale yana historia. Aona mabomba na matangi. Haoni mabishano ya watu waliokaa barazani, wala hesabu ya kura zilizowaweka watu hao katika viti vyao. Walakini katika miji mingi ya dunia mambo ndivyo yalivyokuwa: kwanza palikuwa na kura, ndipo pakawa na maji. Katika insha hii nakusudia kukueleza, msomaji, habari za mji mmoja wa Uingereza uitwao Birmingham: jinsi watu wake walivyopata haki ya kuchagua madiwani, jinsi walivyoitumia haki hiyo vizuri na vibaya, na ni nani waliosahauliwa. Soma kwa makini, kwa maana swali litakalotokea mwishoni si la Waingereza peke yao.

Birmingham uko katikati ya Uingereza, mbali na bahari, wala haukujengwa kando ya mto mkubwa. Ukubwa wake ulitokana na kazi za mikono. Mafundi wake walitengeneza bunduki, vifungo, skrubu, nibu za kalamu na vyombo vya shaba, vikauzwa pande zote za dunia. Kufika mwaka 1831 mji ulikuwa na watu zaidi ya laki moja. Lakini mji huo mkubwa haukupata mbunge wake mwenyewe mpaka mwaka 1832, wala haukuwa na baraza lililochaguliwa na watu. Barabara, taa na usafi viliangaliwa na watu walioitwa Wasimamizi wa Barabara, waliowekwa kwa sheria ya mwaka 1769. Mmoja wao akifa au akijiuzulu, waliobaki ndio waliomchagua wa kukijaza kiti chake. Tusiwaonee watu hao, maana kazi walifanya, na Jumba la Mji lililofunguliwa mwaka 1834 walilijenga wao. Lakini mwenye mji hakuwa na njia ya kuwauliza neno. Wakitenda vema alishukuru, na wakitenda vibaya alivumilia.

Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutengeneza upya mabaraza ya miji. Miji 178 iliyokuwa na mabaraza ya zamani, mengi yao yakiwa yamegeuka kuwa mali ya watu wachache, iliamriwa kuchagua madiwani kwa kura. Mji usiokuwa na baraza, kama Birmingham, uliruhusiwa kuomba hati ya kifalme. Wenyeji wakaomba, na hati ikatolewa mwaka 1838. Mji ukagawanywa katika wadi 13 zenye madiwani 48. Kila diwani alikaa miaka 3, na kila mwaka theluthi moja ya madiwani walitoka, ili wenye mji wapate nafasi ya kusema neno lao kila mwaka. Juu ya madiwani hao waliongezwa wazee wa baraza 16, waliochaguliwa na madiwani wenyewe kukaa miaka 6. Na meya alichaguliwa na baraza kila mwaka.

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa tarehe 26 Desemba, 1838, siku ya pili ya Krismasi. Wapenda mageuzi walipata viti vyote 48, na William Scholefield akawa meya wa kwanza. Bila shaka ilikuwa siku ya furaha kwao. Lakini wewe, msomaji, usishangilie upesi. Uliza kwanza: Ni nani waliopiga kura? Sheria ilimpa kura mwanamume aliyelipa kodi ya nyumba, tena aliyekaa katika nyumba au duka lake kwa muda wa zaidi ya miaka 2. Fundi aliyehamahama akitafuta kazi hakuwamo. Mpangaji wa chumba kidogo, ambaye kodi ya nyumba ililipwa na mwenye nyumba, mara nyingi jina lake halikuandikwa katika daftari. Mwanamke hakuwamo kabisa, hata kama alilipa kodi sawasawa na jirani yake mwanamume.

Jambo la pili la kuuliza ni hili: Kura ilipigwaje? Haikuwa siri. Mpigaji kura alileta karatasi yenye majina ya watu aliowataka, na chini yake ametia sahihi ya jina lake mwenyewe pamoja na mahali anapokaa. Kwa hiyo tajiri wake aliweza kujua alimchagua nani, na mwenye nyumba wake kadhalika. Mtu mwenye watoto wa kulisha alipotia sahihi ile, hakufikiri habari za mji tu. Alifikiri pia habari za kazi yake na paa lake. Mambo yalikaa hivyo mpaka sheria ya mwaka 1872 ilipoleta kura ya siri katika chaguzi za Bunge na za mabaraza pia.

Baraza jipya lilipata misukosuko tangu mwanzo. Wapinzani wake walisema kwamba hati ya kifalme haikuwa halali, na maofisa waliopaswa kukusanya kodi kwa ajili ya baraza wakakataa kuikusanya. Baraza lisilo na fedha ni kama jembe lisilo na mpini. Kisha, mwaka 1839, yakazuka mambo mazito zaidi. Wafanyakazi walioitwa Wachatisti, waliodai kwamba kila mwanamume mtu mzima apewe kura ya Bunge na kwamba kura iwe ya siri, walikuwa wakikutana katika uwanja wa soko uitwao Bull Ring. Tarehe 4 Julai meya na mahakimu walileta askari wa polisi kutoka London ili wautawanye mkutano. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wamesimama bega kwa bega na viongozi wa mji katika kudai mageuzi miaka michache tu kabla yake. Sasa waliokwisha kupata viti waliwaitia polisi wale waliokuwa bado nje ya mlango. Ghasia zikaendelea, na tarehe 15 nyumba zikatiwa moto pale Bull Ring. Serikali ya London ilipoona hayo, ililiondolea baraza mamlaka ya polisi, ikamweka kamishna wake. Mpaka mwaka 1842 ndipo Bunge lilipothibitisha kwamba hati ya Birmingham ni halali, na polisi wakarudishwa chini ya baraza.

Nadhani hapa utasema: Sasa baraza limesimama, kodi zakusanywa, na Wasimamizi wa Barabara wa zamani, ambao kazi yao ilikwisha mwanzoni mwa mwaka 1852, wamekabidhi mamlaka yao yote kwa watu waliochaguliwa, bila shaka mji ulianza kusitawi. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1850 baraza liliongozwa na watu walioitwa Wabana-matumizi, na kiongozi wao alikuwa Joseph Allday. Walizoea kukutana katika kilabu cha pombe kilichoitwa Woodman, na neno lao kubwa lilikuwa moja: kodi isipande. Matumizi ya barabara yalikatwa. Mwaka 1857 mhandisi wa mji aliondolewa kazini, na nafasi yake ikapewa msaidizi wake kwa mshahara mdogo zaidi. Watu hao hawakuiba kiti. Walichaguliwa kwa haki. Walichaguliwa kwa sababu waliopiga kura wengi wao walikuwa wenye maduka na viwanda vidogo, ambao kila shilingi ya kodi waliihisi mfukoni, nao waliokunywa maji machafu wengi wao hawakuwa na kura.

Na maji yalikuwa machafu kweli. Maskini wa Birmingham walikaa katika nyumba zilizojengwa mgongo kwa mgongo, zikizunguka ua mmoja wenye giza. Katika ua ule palikuwa na vyoo vya watu wote, na hapo hapo, au karibu yake, palikuwa na kisima. Mvua ikinyesha, uchafu wa choo ulishuka taratibu ardhini ukaingia kisimani. Kampuni ya maji ilikuwapo, lakini kampuni hupeleka maji kwa mwenye fedha za kuyalipia. Homa na magonjwa ya tumbo viliwachukua watoto wa nyua zile mwaka baada ya mwaka. Baraza lilikuwa na haki ya kutenda, bali halikuwa na nia ya kutenda.

Mabadiliko yaliletwa na mambo matatu yaliyokutana. La kwanza lilikuwa mafundisho. Wahubiri wawili wa mji, George Dawson na R. W. Dale, walianza kuwaambia matajiri waliokuja kuwasikiliza kwamba kazi ya baraza si kazi duni. Kwamba mtu akichelea kuchafua mikono yake katika mambo ya mji, hana haki ya kulalamika mji ukiwa mchafu. Watu wenye elimu na mali, waliokuwa wakiona haya kukaa pamoja na watu wa kilabu cha Woodman, wakaanza kusimama katika uchaguzi.

La pili lilikuwa sheria. Mwaka 1869 Bunge lilipunguza muda wa kukaa uliohitajiwa, ukawa mwaka 1 tu, na majina mengi mapya yakaingia katika daftari. Sheria hiyo hiyo iliwarudishia wanawake waliolipa kodi haki ya kupiga kura ya baraza, karibu miaka 50 kabla sheria haijawapa wanawake wa Uingereza haki ya kupiga kura ya Bunge. Lakini mwaka 1872 mahakama iliamua kwamba haki hiyo ilikuwa ya wajane na wasioolewa tu. Mwanamke akiolewa, jina lake lilifutwa daftarini. Fikiri, msomaji: mwanamke yule yule, mwenye akili ile ile, aliamka asubuhi ya arusi yake ana kura, akalala hana.

La tatu lilikuwa utaratibu, na huo walijifunza kwa kushindwa. Mwaka 1870 Birmingham ilichagua kwa mara ya kwanza bodi ya shule yenye viti 15. Kila mpigaji kura alikuwa na kura 15, naye aliweza kuzigawanya apendavyo au kumpa mtu mmoja zote. Chama cha Liberali, kilichokuwa na nguvu kuliko vingine vyote mjini, kiliona kwamba mji ni wake, kikasimamisha watu 15. Kura zake zikatawanyika kama mtama uliomwagika. Wafuasi wa Kanisa la Anglikana walisimamisha watu 8 tu, wakazikusanya kura zao juu ya hao, na wote 8 wakapita. Kasisi mmoja wa Kikatoliki alipewa kura zote za watu wake akawa wa kwanza kwa wingi wa kura. Waliberali walipata viti 6. Wengi walishindwa na wachache, si kwa hila, bali kwa sababu wachache walifanya hesabu.

Somo hilo halikupotea. Katibu wa chama, Francis Schnadhorst, alitengeneza kamati katika kila wadi. Mtu yeyote wa chama, hata fundi maskini, aliweza kuhudhuria mkutano wa wadi yake na kusema ni nani asimamishwe. Juu ya kamati za wadi palikuwa na kamati kubwa ya mji mzima, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Mia Sita. Wengine waliusifu mpango huu kwa kuwa ulimpa mtu mdogo sauti. Wengine waliulaumu kwa kuwa diwani alikwisha kufungwa kamba ya chama kabla hajaingia barazani. Nafikiri wote wawili walisema kweli, na mpaka leo vyama vya siasa duniani vina sura hizo mbili.

Katika uchaguzi wa Novemba 1873 Waliberali walishinda sana, na Joseph Chamberlain akawa meya. Huyu alizaliwa London mwaka 1836, akafika Birmingham akiwa kijana wa miaka 18 kufanya kazi katika kiwanda cha skrubu, akatajirika, na mwaka 1869 akachaguliwa kuwa diwani wa wadi ya St Paul's. Alikaa katika cheo cha meya kwa muda wa miaka 3 hivi. Kwa shauri lake baraza lilizinunua kampuni mbili za gesi mwaka 1875 kwa pauni kama milioni 2, na faida ya gesi ikawa mali ya mji. Mwaka 1876 likainunua kampuni ya maji. Hapo Chamberlain alishika kanuni iliyo tofauti: gesi ilikuwa biashara, iuzwe kwa faida; bali maji ni uhai, na mji usitafute faida juu yake. Visima vibovu vikaanza kufungwa. Wadi zile zile zilizowapa Wabana-matumizi kura sasa zilikubali deni kubwa, kwa kuwa wapigaji kura walikuwa wengi zaidi, nao waliambiwa wazi fedha zaenda wapi.

Kama insha hii ingekuwa ya kumsifu mtu, ningeishia hapa. Lakini historia si utenzi wa sifa. Baraza lile lile lilianza mwaka 1875 mpango wa kubomoa nyumba mbovu zilizokuwa katikati ya mji, na mahali pake ikajengwa barabara nzuri ya maduka iitwayo Corporation Street. Maskini waliobomolewa hawakujengewa nyumba za kutosha. Wengi walibanana katika nyua nyingine. Kisha mji ulipozidi kukua, baraza lilitafuta maji mbali, katika bonde la Elan, nchini Wales. Mabwawa yakajengwa, na mwaka 1904 maji yakaanza kuteremka yenyewe katika mfereji wa urefu wa kilomita 118 mpaka Birmingham. Ilikuwa kazi ya ajabu ya uhandisi. Lakini watu wapatao 100 waliokaa katika bonde lile walihamishwa, na kanisa na shule yao vikafunikwa na maji. Wenye ardhi walilipwa; wapangaji hawakulipwa kitu. Baraza lililoamua mambo yao lilichaguliwa na watu wa Birmingham, nao watu wa bonde hawakuwa na kura katika mji ule.

Na Chamberlain mwenyewe historia ilimfikisha mpaka kwetu. Alikuwa Waziri wa Makoloni toka 1895 hata 1903, na Desemba 1902, akiwa njiani kwenda Afrika Kusini, alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi la Reli ya Uganda mpaka Nairobi. Mwaka uliofuata serikali yake iliwaahidi Wayahudi waliokuwa wakidhulumiwa huko Ulaya ardhi ya kukaa katika nyanda za juu za Uasin Gishu. Mkutano wao ulilikataa jambo hilo mwaka 1905, kwa hiyo halikutimia. Lakini angalia: mtu yule yule aliyejua kwamba haifai kununua kampuni ya gesi bila kuwauliza walipa kodi wa Birmingham, alitoa ahadi juu ya nchi ya watu wengine bila kuwauliza wenyeji hata neno moja. Sidhani kwamba akili yake ilipungua alipovuka bahari. Kilichopungua ni kura. Birmingham palikuwa na watu walioweza kumwondoa kitini. Hapa hapakuwa na hata mmoja. Waafrika wa Kenya walipiga kura ya kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwaka 1957, na hata wakati huo si wote, na wengine walipewa kura 2 au 3 kwa ajili ya elimu au mali zao. Jambo hilo lisikushangaze sana, kwa kuwa umekwisha kuona kwamba Birmingham nayo ilianza kwa kuwapima watu kwa nyumba zao.

Huko Birmingham mlango uliendelea kufunguka kidogo kidogo. Mji ulipewa cheo cha jiji mwaka 1889. Sheria ya mwaka 1907 iliwaruhusu wanawake kuwa madiwani, na mwaka 1911, baraza lilipopanuliwa kuwa la watu 120, Ellen Pinsent alichaguliwa akawa diwani wa kwanza mwanamke wa Birmingham. Mwaka 1918 wake wa walipa kodi, waliotimiza miaka 30, waliingia katika daftari. Sheria ya mwaka 1945 ndiyo iliyompa kura ya baraza kila mtu mwenye kura ya Bunge, awe na nyumba au asiwe nayo. Tangu uchaguzi wa kwanza, siku ile ya pili ya Krismasi, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100. Wazee wa baraza, waliochaguliwa na madiwani wenyewe, waliondolewa mwaka 1974. Na tangu Mei 2018 madiwani wote 101 huchaguliwa pamoja kila baada ya miaka 4.

Usidhani basi kwamba safari imekwisha na hatari zimepita. Septemba 2023 baraza la Birmingham lilitangaza kwamba halina fedha za kutimiza matumizi yake. Sababu mojawapo ilikuwa madai ya wanawake waliofanya kazi zenye thamani sawa na za wanaume wakalipwa kidogo. Serikali ya London ikatuma makamishna wa kulisimamia, kama ilivyomtuma kamishna wa polisi mwaka 1839. Hivyo deni la kutowahesabu watu, ingawa lakawia, hulipwa.

Sasa nalileta lile swali nililokuahidi. Kenya ina wadi 1,450, na tangu mwaka 2013 kila moja huchagua mjumbe wa kukaa katika bunge la kaunti. Utakapotimiza miaka 18 jina lako litaweza kuandikwa katika daftari la wadi yako, bila mtu kukuuliza una nyumba ya thamani gani, wala umeolewa au hujaolewa. Karatasi utakayopewa haitatiwa sahihi. Hakuna atakayejua siri yako. Haki hizo mbili watu wa Birmingham walizingojea muda mrefu, na wengine walikufa wakizingojea. Basi siku ile utakapoishika karatasi hiyo, usiulize tu, "Ni nani atakayenifaa mimi?" Uliza pia, "Ni nani atakayeguswa na uamuzi wa mtu huyu, naye hayumo katika mstari huu?" Labda ni mtoto anywaye maji ya kisima kibovu, labda ni mtu wa bonde la mbali ambalo mji wenu unataka maji yake. Baraza huwasikia wapigaji kura; ni juu ya wapigaji kura kuwakumbuka wasiosikika.